Chungu kimoja, moto mdogo: shajara ya jiko la kambi, Lubumbashi

Jumamosi, 3 Mei

Tarehe imepangwa. Jumamosi ya 28 Juni tunatoka mjini watu wanane, tunalala siku mbili katika shamba la mjomba upande wa barabara ya Likasi, na Jumatatu ya 30, sikukuu ya uhuru wa Kongo yetu, jioni tuwe tumerudi Lubumbashi. Jiko nimekabidhiwa mimi.

Wawili kati yetu hawali chochote kitokacho kwa mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, hata asali. Wanajiita vegani. Mwaka jana tulikuwa nao vilevile, na siku mbili nzima walikula mkate na ndizi huku sisi tukigeuza mbuzi kwenye moto. Hawakulalamika, lakini mimi sijasahau. Na hata sisi wengine hatukula vizuri. Maharagi tuliyoyabandika saa kumi alasiri yalipakuliwa saa tatu usiku, watu wamekwisha kusinzia, na gunia la makala (makaa ya kupikia) lilikuwa limebaki nusu.

Kwa hiyo nimejiwekea masharti mawili. Chungu kimoja kwa wote, kisicho na kitu cha mnyama. Na moto unawashwa asubuhi na jioni tu, kwa ajili ya maji. Maji yakishachemka, chakula kinachotaka kukaa juu ya mbabula, jiko letu la makala, zaidi ya dakika kumi hakiingii katika safari.

Sharti la pili lina sababu yake. Yeyote aliyekulia hapa ameona msitu wa miombo ukirudi nyuma. Makala yanayopikia mji huu ni miti hiyo, na wenye baiskeli wanaoyaleta, magunia yamefungwa hadi kumpita mwendeshaji kimo, wanatoka mbali kuliko walikotoka nilipokuwa mtoto. Siwezi kwenda kupumzika chini ya miti nikiwa nimebeba miti mingine ndani ya gunia. Tena Juni nyasi zimekauka. Moto mkubwa ukimponyoka mtu, hatuuzimi kwa bidoni mbili za maji.

Jumamosi, 10 Mei

Asubuhi nzima nilikuwa soko la Kenya (komini yetu ya Kenya hapa mjini, wasomaji wa mbali msije mkadhani nimevuka mipaka). Vitu vinavyoliwa bila moto ni vingi kuliko nilivyofikiri: karanga za kukaanga, avoka, ndizi, matango, tomati, vitunguu, malimao, mkate. Kuskusi nayo, zile punje ndogo za ngano, haipikwi, inamiminiwa maji ya moto na kufunikwa dakika tano.

Kilichonichukua muda ni kusoma karatasi za pakiti. Vile vipande vya mraba vya kutia mchuzi ladha, vingi vina mafuta ya kuku au ya ng'ombe. Tambi za haraka, kifuko chake cha viungo hivyohivyo. Biskuti nyingi zina maziwa ya unga. Kwa kuwa bidhaa zetu zimeandikwa Kifaransa, nimejiandikia orodha mkononi ya maneno ya kutafuta: lait (maziwa), lactosérum (maji ya maziwa), beurre (siagi), œuf (yai), miel (asali), gélatine (jelatini ya ngozi na mifupa). Mkate hauna karatasi, inabidi kuuliza. Mwokaji mmoja aliniapia hatii maziwa, kijana wake nyuma akanong'ona kwamba ya Jumamosi hutiwa. Nimepata mwingine ambaye alinionyesha gunia la unga, chumvi, sukari na hamira, basi.

Kwa mama wa mboga niliulizwa swali ambalo nimerudi nalo nyumbani. Nilimwambia sitaki ndakala (dagaa wakavu) wala bitoyo (samaki wa chumvi) wa kuchanganya katika lengalenga (mchicha). Akaniangalia. "Sasa mama, mboga bila hata ndakala, butamu butatokea wapi?"

Swali la haki. Kwetu samaki mkavu na bitoyo ndio viungo, si kitoweo tu. Ukiviondoa bila kuweka kitu mahali pake, unabaki na majani ya kuchemsha.

Jumapili, 11 Mei

Jaribio la kwanza la maharagi. Wazo: kuyapika hapa nyumbani hadi yaive, kuyakausha juani, kisha porini kuyarudishia maji ya moto. Nilianza Alhamisi. Nilianika mbegu nzima kwenye ungo, zikakauka vizuri, zinalia kama kokoto. Leo nikamimina maji yaliyochemka, nikafunika nusu saa.

Ganda lilikuwa limelainika, ndani jiwe. Niliongeza nusu saa nyingine. Jiwe. Mbegu nzima hainywi maji haraka hata kama ilishaiva.

Jumapili, 18 Mei

Jaribio la pili, na hili ndilo. Naandika hatua zote kwa sababu najua nitaulizwa.

Kilo moja ya maharagi, yalowe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe. Yachemshwe kwa nguvu katika maji mapya hadi yapondeke kati ya vidole viwili. Hapa sifanyi mzaha. Maharagi mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayovuruga tumbo vibaya, na moto hafifu hauiondoi. Ni lazima yatokote sawasawa, angalau nusu saa, ndipo uendelee kuyaivisha. Mtu asije akasaga maharagi mabichi akadhani maji ya moto ya porini yatatosha. Lubumbashi iko juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye digrii 96 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharagi hapa yanachelewa kuliko huko pwani. Sababu moja zaidi ya kumaliza kazi hii nyumbani.

Yakishaiva, nilitia kitunguu, kitunguu saumu na tomati, nikaacha mchuzi ukauke, chumvi mwisho. Mafuta sikutia hata tone, kwa sababu chakula kikavu chenye mafuta huchacha. Halafu nikaponda yote yawe rojo zito na kulipaka kwenye sinia, jembamba kama chapati, wavu wa mbu juu kwa ajili ya nzi. Jua la Mei kwetu ni zawadi: mvua imekwisha, hewa kavu, upepo kidogo. Jioni nilibandua vipande na kuvigeuza. Siku ya pili vilikuwa vinakatika kama biskuti. Nikavitia kwenye kinu, nikachekecha.

Kilo moja ya maharagi imerudi karibu kilo moja ya unga. Kikombe kimoja cha unga kwa viwili vya maji yanayochemka, koroga, funika dakika kumi. Nilitia kijiko cha mawese juu na kumpelekea yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, bila kumweleza. Alikula, akauliza nimeyabandika saa ngapi. Nilipomwambia ni dakika kumi zilizopita aliinuka akaenda kutazama mbabula, akaikuta baridi.

Jumamosi, 24 Mei

Watu watatu wameniuliza kwa nini sombe (kisamvu) haimo. Hakuna anayependa sombe kunishinda. Lakini majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kuyatwanga, kuyachemsha muda mrefu na kuacha mvuke utoke ndiko kunakoyafanya chakula, na mwendo huo haukatizwi. Muhogo wenyewe, ule mchungu, ni hivyohivyo. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu ya watu wanaoishi kwa muhogo ambao haukulowekwa vya kutosha, una jina kutoka lugha ya Wayaka wa Kwango, hapahapa Kongo, nalo maana yake ni miguu iliyofungwa. Kwa hiyo sombe ya haraka haipo, na atakayesema anayo asisikilizwe. Nitaipika Jumatatu tukirudi, nyumbani, kwa saa zake zote.

Jumamosi, 31 Mei

Nimekwenda komini ya Katuba kwa kambo, bibi yetu mzee. Nilikuwa nataka kumwuliza kuhusu kukausha lengalenga, nikakaa hadi jioni.

Kwanza alinigombeza kwa kuanika majani juani. Majani huanikwa kivulini, penye upepo, baada ya kupitishwa katika maji ya moto mara moja tu na kukamuliwa. Jua kali linayafanya ya njano na nguvu yake inakwenda. Anachokiita nguvu ni pamoja na vitamini A, ambayo kweli jua huiharibu. Nimefanya alivyosema na lengalenga yangu imebaki kijani hadi leo.

Pili nilimpelekea lile swali la mama wa mboga. Hakufikiri hata kidogo. "Karanga, na bowa." Bowa, yaani uyoga. Alitoa mfuko wa uyoga mkavu wa mvua zilizopita, akaufungua chini ya pua yangu, na harufu yake ilikuwa nzito kama ya nyama ya kubanikwa. Nchi yetu na Zambia jirani ni kati ya zile zenye ule uyoga mkubwa wa vichuguu ambao kofia yake inaweza kufika mita 1 kwa upana, mkubwa kuliko uyoga wowote unaoliwa duniani. Sitachuma uyoga wowote porini, hata ikitokea umeota. Anayetofautisha mzuri na mbaya ni mzee aliyezoea, si mimi. Nitanunua mkavu kwa mtu ninayemjua.

Tatu, na hili sikulitarajia, aliniambia walivyosafiri yeye na mama yake kwa miguu alipokuwa msichana. Walikaanga mahindi makavu hadi yawe kahawia, wakasaga, wakafunga unga kwenye kitambaa na karanga kando. Wakifika mtoni, maji, unga, mkono, basi. Moto haukuwashwa hata kidogo.

Mwezi mzima nilidhani nabuni kitu kipya.

Jumapili, 1 Juni

Nimekaanga mahindi kilo mbili, soya kilo moja na karanga nusu kilo, kila kimoja peke yake kwa sababu haviivi pamoja. Soya ikaangwe hadi ndani isibaki rangi ya kijani wala ladha ya majani. Soya mbichi inazuia tumbo lisisage protini vizuri. Mahindi na soya vimekwenda mashineni, karanga nimetwanga mwenyewe na nitazichanganya siku ya kuondoka. Uji unaiva kwa kumiminiwa maji ya moto. Ndizi iliyoiva sana ikipondwa ndani, sukari haina kazi.

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimeondoa kitu ninachokipenda kwenye orodha.

Kikanda kingekuwa jibu kamili: viazi vidogo vya okidi za porini vilivyokaushwa na kusagwa, vikapikwa na karanga, pilipili na magadi hadi vigande, kisha unakata vipande na kula baridi. Hakuna mnyama ndani, kinashibisha, hakihitaji moto. Majirani wa Zambia wanakila kama sisi. Lakini kila kiazi kinachochimbwa ni mmea mzima unaokufa, na walaji ni wengi kuliko maua. Viazi hivyo sasa vinatafutwa mbali, hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, karibu na Kitulo, mahali ambapo watu wa huko wanapaita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake na ambapo pamewekwa hifadhi ya taifa kwa ajili ya mimea. Nikinunua kikanda cha watu wanane kwa safari ya kustarehe, nimechangia. Kambo akinipa kipande kimoja nyumbani kwake nitakula kwa heshima. Kwenye begi langu hakiingii.

Jumamosi, 14 Juni

Mchele. Nimejaribu njia ya kapu na blanketi: vikombe vinne vya mchele, vinane vya maji, chemsha dakika nane, mfuniko usiachie mvuke, kisha sufuria inafungwa kwa blanketi mbili nzito ndani ya kapu lenye nyasi kavu. Baada ya saa moja mchele ulikuwa umeiva, kila punje peke yake, bado unaunguza ulimi. Mtu asifungue kuchungulia. Nilichungulia mara ya kwanza na ule wa katikati ukabaki na kiini. Na uliwe wote jioni hiyohiyo. Wali uliokaa vuguvugu usiku kucha unaumiza tumbo, hata ukipashwa tena.

Nimepima makala pia kwa mizani ya mkono ya jirani. Lita tano za maji: gramu 400 na ushee. Maharagi ya watu wanane kwa njia ya zamani: kilo moja na nusu, na bado nilikuwa nimelowesha usiku.

Jumamosi, 21 Juni

Kaka anauliza kwa nini tunabeba maji wakati kuna vijito. Maji ya kijito nisichokijua chanzo chake siyatumii, hata ya kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, na dakika moja ya kutokota inatosha kwa kimo chetu, lakini hapa ni nchi ya shaba na kobalti, mito inayopita Lubumbashi na chini yake imepokea taka za migodi na viwanda kwa miaka mingi, na metali haifi kwa moto. Ukichemsha sana ndiyo kwanza unaikusanya. Shamba la mjomba lina kisima kirefu. Ya kunywa njiani tunatoka nayo nyumbani.

Nimewauliza wale wawili kuhusu vitamini B12 kwa sababu haimo katika mmea wowote wa kuaminika. Wanameza vidonge, wamekwisha kupimwa damu. Sisi wengine siku tatu hazitatudhuru, akiba ya mwili ni ya muda mrefu.

Ijumaa, 27 Juni

Kufunga mizigo. Unga wa maharagi kilo moja, uji kilo mbili, mchele, kuskusi, lengalenga kavu, uyoga, karanga za kukaanga, karanga za kusaga, viazi vitamu vidogo, avoka ngumu zitakazoiva njiani, malimao, pilipili, chumvi, chai. Munkoyo (kinywaji chetu cha mahindi na mizizi) lita tano, wa jana, vifuniko vimelegezwa kidogo maana unaendelea kuchacha na chupa iliyokazwa itapasuka. Mawese nimeyatia kwenye kopo pana: baridi ya Juni imeyagandisha, kwa hiyo hayamwagiki, unachota kwa kijiko. Makala kilo tatu kamili. Mjomba aliposikia alicheka kwenye simu, akasema kuni ziko.

Jumamosi, 28 Juni, usiku

Mchana tulikula njiani, mkate na avoka iliyopondwa na limao, tomati, pilipili, karanga juu. Jioni mbabula iliwashwa saa kumi na moja na nusu. Mchele ulikwenda kwenye kapu kabla ya jua kuzama, tukaenda kutazama machweo, tukarudi. Maji ya pili yakamiminwa kwenye unga wa maharagi na kwenye lengalenga. Saa moja na robo watu wanane walikuwa wanakula chakula kimoja katika sahani za aina moja. Mmoja wa wale wawili aliongeza mara mbili, hakusema kitu, na mimi sikumwambia kitu.

Viazi vitamu vimezikwa kwenye majivu ya makala yaliyobaki. Termosi mbili za maji ya moto ziko ndani ya hema.

Jumapili, 29 Juni

Usiku digrii zilishuka chini ya 10. Waliotoka nje saa tisa waliishukuru termosi.

Viazi vya majivuni viliiva, vyote isipokuwa viwili vilivyokuwa vikubwa. Uji ulishibisha hadi saa sita. Kuskusi ya mchana haikuguswa na moto: niliilowesha kwa maji ya baridi asubuhi na limao, tomati, kitunguu, tango na chumvi, ikajilainisha yenyewe kivulini.

Lakini nilikosea hesabu. Tulitembea saa tano badala ya mbili, na kuskusi ni chakula chepesi kwa mtu aliyetembea. Kufikia saa tisa karanga za siku mbili zilikuwa zimekwisha na watu wanatazama mizigo. Nilitoa zile za kusaga zilizokuwa za jioni, zikaliwa na ndizi. Safari ijayo: gramu 100 za karanga kwa kila mtu kwa kila siku ya kutembea, mbali na za mchuzi.

Mchuzi wa uyoga kwa hiyo ulikuwa na karanga kidogo kuliko nilivyopanga. Niliulowesha uyoga tangu mchana, nikauchemsha dakika kumi katika maji yake, nikatia karanga nilizokwangua mfukoni, pilipili, na kijiko cha unga wa maharagi kuuzitisha. Kimya kilichofuata kwenye mkeka nilikitambua. Jibu la mama wa soko la Kenya lilikuwa ndani ya sufuria ile.

Jumatatu, 30 Juni

Uji, chai, mkate wa mwisho. Munkoyo ulikuwa umeanza kupanda kichwani, tukaumaliza kabla haujawa pombe. Makala yaliyobaki, kwa mizani ya mjomba: gramu 700. Moto nne, kilo mbili na gramu 300. Mjomba hakucheka. Aliomba aonyeshwe kapu.

Jumamosi, 5 Julai

Nimempelekea kambo kopo la unga wa maharagi uliobaki, aonje tu. Aliutengeneza mbele yangu kwa maji ya termosi, akala na bukari (ugali) wa mchana, akafunika kopo na kuliweka kabatini mwake, si mezani. Magoti hayamruhusu tena kuinama kwenye mbabula mara mbili kwa siku. Maharagi alikuwa ameyaacha tangu mwaka jana kwa sababu ya kuwa yanataka mtu wa kuyaangalia. Hakuwahi kutuambia.

Ameniuliza mvua zikianza Novemba nitayakausha wapi. Kilo nne ziko kwenye maji usiku huu, jua bado tunalo karibu miezi minne.